Barua kwa mwanangu anayesoma baiolojia ya seli

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Babaako kaenda msibani Pongwe, na bibi yako miguu inamsumbua, ila ulimi mzima kabisa.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema testi ya kwanza ya baiolojia ya seli imekupiga, mko mamia ukumbini na mhadhiri anaongea kwa kipaza sauti, majina yote unayajua, ribosomu, mitokondria, Golgi, lakini karatasi iliposema "eleza" ukatoka kapa. Halafu ukauliza: mama, nihamie kozi nyingine?

Usihame. Au ukihama, uwe na sababu nyingine, hiyo haitoshi.

Wingi wenu ni kero tu. Tatizo ni hayo majina. Mnachora duara, mnatia vishale, mnaandika jina la kila kitu, mnadhani mmemaliza. Ukiulizwa protini fulani imetengenezwa wapi, imepita wapi na inakwenda kufanya nini, vishale havijibu. Mimi ningekuwa wewe ningechukua seli moja ninayoijua, nikaifuata mpaka nione inachofanya na inachoshindwa.

Nikupe ya kazini kwangu. Slaidi ya malaria umeiona tangu mdogo ukinisubiri maabara: doa nene na doa jembamba, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, lenzi ya mia. Kwenye doa jembamba seli nyekundu zimetandazika, kila moja upana wake maikromita 7 au 8, na ndani ya chache kuna kipete cha buluu chenye kidoti chekundu. Huyo ni Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria, akiwa mchanga. Anakaa humo saa 48 hivi, anakua, anagawanyika, mwisho anaipasua seli na kutoka. Basi mbona kwenye slaidi naona vipete, na mara nyingine wale wa umbo la ndizi wanaosubiri mbu, lakini wa katikati, walionenepa, siwaoni? Wanafunzi wa fildi nawauliza swali hili kila mwaka. Wengi hunitazama tu.

Wamo mwilini, ila damu ya kidoleni hawapiti. Wamenata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, hata ya ubongo, wasije wakapitishwa kwenye bandama wakaondolewa. Wananata kwa protini ambayo kimelea anaitengeneza na kuifikisha kwenye utando wa nje wa seli nyekundu. Hapo ndipo usimame, mwanangu. Seli nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini. Haina ribosomu za kutengeneza protini, haina retikulamu ya endoplazimu wala Golgi za kuzitayarisha na kuzisafirisha, haina hata mitokondria za kuipa nishati. Haiwezi kutengeneza protini mpya, wala haina njia ya kuipeleka kwenye utando. Kwa hiyo kimelea inambidi ajijengee njia yake mwenyewe ndani ya seli ya mtu mwingine. Ukiweza kumweleza mwenzako hilo bila karatasi, kazi ya Golgi umeijua, na hutaisahau, kwa sababu umeiona seli inavyokuwa bila hiyo Golgi.

(Siku hizi vipimo vya haraka vimetupunguzia slaidi. Vinasaidia sana, sikatai. Lakini vinakupa mstari, basi, seli huioni.)

Mayosisi unayosema inakuchosha, ule mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi, itafute kwenye mkonge. Ule wa kawaida, Agave sisalana, una seti tano za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, jumla 150. Mayosisi inataka kila kromosomu ipate mwenzake wa kupangana naye, na tano haigawanyiki kwa mbili. Ndiyo maana mbegu zake ni za shida, unazaa vichipukizi juu ya mlingoti, na hivyo ni vya mitosisi, mgawanyiko unaotoa nakala ileile. Mjerumani Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai huku kwetu ilikuwa 62. Mashamba ya mwanzo yametoka humo. Sasa shamba zima likiwa la ndugu wanaofanana namna hiyo, ugonjwa ukiingia inakuwaje? Hilo nijibu wewe.

Kuhusu darubini moja watu kibao: usigombanie saa ya praktiko. Nenda kwa fundi sanifu wa maabara. Msalimie vizuri, muulize chumba kina nafasi siku gani na kama unaweza kukaa na slaidi nusu saa. Vyuo vikubwa vya serikali vina vifaa, ila funguo ziko kwa mtu ambaye wanafunzi hawamjui hata jina. Mimi ni wa kada hiyohiyo, najua tunavyowaona. Mwanafunzi anayepangusa mafuta kwenye lenzi kabla ya kuondoka hanyimwi nafasi. Mhadhiri naye ana saa za kuonana na wanafunzi, hamuendi. Nenda na swali moja limeandikwa, usiende na "sijaelewa mada nzima". Vimbwetani kaeni watatu au wanne. Mkizidi hapo ni soga.

Bibi yako anauliza seli zitakuajiri nani. Mwambie chanjo ya malaria ya RTS,S, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2021, ilijaribiwa pia hapa Korogwe, na kule Bagamoyo, na kazi kama ile haiendi bila watu wa maabara. Taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ina kituo hapo Muheza. Ila sikuahidi kazi. Digrii ya kwanza peke yake siku hizi ni ngumu kwa kozi karibu zote, hata hiyo unayotaka kuhamia. Fanya testi ya pili kwanza, uniletee karatasi niione ulivyojibu. Kama bado utataka kuhama, tutakaa na babaako tuzungumze.

Nimekutumia elfu thelathini kwenye simu. Ni ya nauli ya kuja Idi, na ikibaki nunua daftari la kuchorea unachokiona kwenye darubini. Si ya madesa.

Mama yako