Jibu: Usilipie hicho kilaptopu kabla hujaona tumbo lake

Mleta uzi, kama bado hujalipa, usilipe. Kama umeshatoa advansi, kaidai kesho asubuhi kabla duka halijajaa watu.

Umesema ni cha inchi 11.6, prosesa Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, "SSD" (diski ya kasi) GB 64, bei laki tatu na themanini. Unataka uanze na Python, baadaye uingie kwenye app za Android. Umeuliza uweke Linux ipi, na kama kibodi ndogo itakuumiza vidole. Sawa. Lakini katikati hapo umetupia sentensi moja kana kwamba si kitu: "RAM muuzaji kasema nitaongeza baadaye mpaka 8." Hapo ndipo nilipoacha chai ikapoa.

Hutaongeza. Sentensi hiyohiyo ilishanila laki tatu na arobaini, na mashine yenyewe ipo mpaka leo, inapiga taarab vizuri tu, kwa hilo siidai. Kwa kuandika programu haifai kabisa. Chekeni, nimeshazoea.

Sikiliza. Vimashine vingi vya aina hiyo, vyembamba visivyo na feni, RAM yake haikai kwenye sloti. Ni vichipu vyeusi vilivyochomelewa juu ya bodi kiwandani. Hakuna cha kuchomoa wala pa kuchomeka. Fundi mwenye mashine ya hewa ya moto anaweza kuving'oa na kuweka vikubwa, ila bodi ikigoma kuwaka umebaki na sinia, na gharama ya kazi inaweza kukaribia bei ya kompyuta. Sasa uongo wa "inapanda mpaka 8" unatoka wapi? Intel wameiandikia N4020 kikomo cha RAM GB 8. Winga, yule dalali wa mlangoni, anaisoma kwenye simu yake mbele yako, anakuonesha kidole, na wewe unaona ni ushahidi. Kile ni kikomo cha prosesa. Hakisemi chochote kuhusu bodi iliyomo ndani ya hicho kiboksi. Ni sawa na mtu akuuzie pikipiki kwa sababu barabara inaruhusu lori.

Na mawinga wenyewe hawaulizwi kesho. Amekuchukua mlangoni, amekupeleka duka si lake, amechukua cha juu chake, ukirudi wiki ijayo yuko na mteja mwingine anamwambia maneno yaleyale. Mwenye duka naye anasema "mimi sikukuambia hivyo". Kweli, hakukuambia. Wa YouTube nao wamo: anafungua boksi, anaonesha Word inavyofunguka, anasema "for students", video imeisha. Hakuna aliyewasha mradi wenye faili elfu kumi akatuonesha saa.

Tupige hesabu ya hizo GB 4. Grafiki za N4020 hazina kumbukumbu yake, zinakopa kwenye RAM hiyohiyo, kwa hiyo Windows inakuonesha 3.8 hivi. Windows 11 ikiwa imetulia, hujafungua kitu, inakalia karibu GB 2 au zaidi. Fungua brauza na tabu tano za mafunzo, moja ikiwa video: imekula gigabaiti nyingine. VS Code, kihariri cha kuandikia programu, ni brauza iliyovaa koti, na ukiiwekea nyongeza ya Python yenye Pylance inaongeza mamia ya megabaiti. Umefika ukingoni na bado hujaandika `print`. Kuanzia hapo mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na hapo ndipo unakutana na ile "SSD".

Si SSD. GB 64 kwenye kilaptopu cha bei hiyo karibu kila mara ni eMMC, ndugu wa kumbukumbu iliyo ndani ya simu, nayo imechomelewa kwenye bodi. Kwenye karatasi njia yake inaishia MB 400 kwa sekunde, na SSD ya SATA, ile ya kawaida ya kuchomoa, hufika kama 550, kwa hiyo muuzaji atakuambia tofauti ni ndogo. Tofauti haiko hapo. eMMC inachoka vibaya ikipewa vipande vidogo vidogo vingi. Kazi ya kuandika programu ndiyo hiyohiyo: `pip install`, `git checkout`, folda ya `node_modules` yenye maelfu ya faili. Ongeza kuhamisha RAM kwenye diski hiyohiyo kwa wakati huohuo, mshale wa kipanya unaganda, unadhani umevamiwa na virusi. Halafu GB 64 zenyewe Windows inazionesha kama 58, na Windows ikishakaa na apdeti zake, kilichobaki hakitoshi Android Studio (programu ya Google ya kutengenezea app) na SDK yake kupumua. Siku eMMC ikifa, huwezi kuichomoa ukasomea vitu vyako kwenye mashine nyingine. Imekufa na bodi.

Ukienda dukani, fanya haya kwa mkono wako, usimwachie mtu:

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory. Tafuta mstari wa Form factor. Ukisomeka SODIMM, yaani kijiti cha kuchomoa, kuna matumaini. Ukisomeka Row of chips, funga, mshukuru, ondoka. Mstari wa Slots used usiuamini peke yake, kuna bodi zinazohesabu sloti ambayo kiwandani haikuwekwa. Kwenye Linux ni `sudo dmidecode -t memory`, maneno ni yaleyale.

Diski: kwenye Linux andika `lsblk`. Ikianza na `mmcblk0` ni eMMC, `sda` ni SATA (au fleshi yenyewe uliyowakia, angalia ukubwa), `nvme0n1` ni NVMe, SSD ya kasi zaidi. Kwenye Windows fungua Device Manager, Disk drives, ukiona jina kama DF4064 hiyo ni eMMC. Beba fleshi yenye Linux ya kuwakia, dakika tano zinatosha.

Kisha fungua tumbo. Ndiyo, mfuniko wa chini. Beba bisibisi ndogo ya nyota. Duka likikataa kufungua kompyuta ya mtumba isiyo na waranti ya maana, jibu umeshapewa. Sikubaliani na wanaosema "utamkera muuzaji". Akereke. Sloti uione kwa macho yako, hakuna njia nyingine.

Hela hiyohiyo, au ukiongeza kidogo, tafuta ndogo za ofisini za inchi 12.5 zilizotumika. HP EliteBook 820 ina sloti mbili za RAM. Matoleo ya G1 na G2 mfuniko wake unafunguka kwa kusukuma komeo, hata bisibisi huhitaji, kwa hiyo winga hana kisingizio. ThinkPad X260 ina sloti moja ya DDR4, inapokea kijiti cha GB 16, na diski ni ya SATA inchi 2.5, unabadilisha mwenyewe. Skrubu zake za chini hazitoki kabisa, zinabaki kwenye mfuniko, usizilazimishe. Kabla ya kufungua ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) kwa F1, Config, Power, uchague kuzima betri ya ndani, maana X260 ina betri mbili na ile ya ndani haikatiki kwa kuchomoa ya nje. X240 iepuke kama unataka kupita GB 8: sloti moja, na prosesa za kizazi kile hazikubali kijiti cha DDR3L cha GB 16.

Kuna mtego mwingine mdogo hapo. 820 G1, G2 na X240 zinataka DDR3L, ya volti 1.35. Kijiti cha DDR3 cha kawaida, volti 1.5, kinaingia vizuri kabisa kwenye sloti, na mashine haiwaki. Soma lebo: unataka PC3L-12800S. Ikiandikwa PC3-12800S bila L, rudisha.

Sasa atakuambia: "Hii N4020 inakubali Windows 11, hiyo X260 ya 2016 haikubali." Ni kweli, na ndiyo maana inauma. Microsoft wameiweka N4020 kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, na i5-6300U ya X260 haimo. Lakini orodha ile haipimi kasi. N4020 ni kore mbili, inajiendesha ndani ya wati 6 bila feni, ikipanda mpaka GHz 2.8 kwa muda mfupi kisha joto linairudisha chini. i5 ile ni ya wati 15, ina feni na nyuzi nne (threads), yaani inabeba kazi nne kwa mpigo. Windows 10 yenyewe msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwenye X260 weka Debian (aina ya Linux) yenye Xfce, sura nyepesi ya skrini, na usigeuke nyuma. Ikitulia inakaa chini ya GB 1.

Kuhusu Android, kwa GB 4 futa kabisa. Google wenyewe wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Android Studio. Mradi mpya unakuja na `org.gradle.jvmargs=-Xmx2048m` ndani ya `gradle.properties`, maana yake Gradle, chombo kinachojenga app, peke yake imeruhusiwa GB 2, na programu ya nyuma ya Kotlin (lugha ya app za Android) inarithi kiasi hichohicho. Jumlisha mwenyewe. Hata ukiwa na 8, usiwashe emuleta, ile simu ya bandia ndani ya kompyuta. Washa USB debugging kwenye simu yako, chomeka waya, endeshea app humo.

Kwa waliokwishaingia mkenge kama mimi, haya yanapunguza maumivu, hayaponyi: `sudo apt install zram-tools earlyoom`, kisha kwenye `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=60`, halafu `sudo systemctl restart zramswap`. Kumbukumbu itabanwa ndani ya RAM badala ya kumwagwa kwenye eMMC, na earlyoom itaua brauza kabla mashine haijaganda. Acha VS Code, tumia Geany au Vim. Uchakavu wa eMMC unausoma kwa `cat /sys/block/mmcblk0/device/life_time`. 0x01 bado mpya, 0x0b hamisha kazi zako leo hii.

Na ukipata hiyo ya mtumba, washa na uingie BIOS kabla ya kulipa: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Ikidai nywila ambayo duka hawaijui, huenda ni ya kampuni iliyokuwa ikiitumia ikasahau kuitoa, achana nayo. Betri ipime kwa `powercfg /batteryreport`, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa imebaki chini ya nusu, bei ya betri mpya iondoe kwenye bei wanayokutajia.

Ukishika hicho kilaptopu kesho, piga picha ule mstari wa Form factor uitupie hapahapa kabla hujatoa simu kulipa. Nipo mpaka saa nne usiku.