Kabla ya kumeza kidonge: ushauri kwa kijana wa mbio za baiskeli

Nimeshindana kwa baiskeli kwa miaka mingi, na siku hizi nahudumia timu ya vijana: nawakanda misuli, najaza chupa zao za maji na kuwasindikiza wanapoitwa kupimwa. Wakisikia habari za dawa zilizopigwa marufuku humkumbuka Lance Armstrong, Mmarekani aliyenyang'anywa mwaka 2012 mataji yake saba ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, wakaona kwamba mambo ya EPO, yaani homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na kuongezewa damu ni ya Wazungu na hayawahusu. Mimi nahofia zaidi duka la dawa la mtaani, kwa sababu ndiko mwendesha baiskeli mwenye nia safi anakoweza kuponzeka kwa urahisi.

Sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe amekusudia au hakukusudia. Nairo Quintana wa Kolombia alimaliza wa sita kwenye Tour de France ya 2022, kisha matokeo yake yakafutwa kwa sababu ya tramadoli, dawa ya maumivu ambayo UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ilikuwa imeikataza mashindanoni tangu 2019. Alikana kuitumia, akakata rufaa, akashindwa. Tangu 2024 dawa hiyo imekatazwa mashindanoni katika michezo yote. Orodha mpya ya dawa zilizokatazwa huanza kutumika kila tarehe 1 Januari, kwa hiyo usitegemee alichokuambia kaka yako wa timu misimu mitatu iliyopita.

Ukiumwa, usikubali vidonge vya kuhesabiwa kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa. Omba pakiti yenyewe, soma viambato vyote, kisha piga picha pande zake zote pamoja na risiti. Baadhi ya dawa za mafua zina sudoefedrini, kiambato cha kuzibua pua, ambacho mashindanoni haitakiwi kuzidi mikrogramu 150 kwa mililita moja ya mkojo, na kwa kuwa hakuna anayeweza kukisia mwili wake utatoa kiasi gani, vijana wangu nawakataza kabisa katika wiki ya mbio. Miraa nayo ina katini, kichangamshi chenye kikomo cha mikrogramu 5, na kwa hesabu ya vipimo mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Anayetafuna safarini ili asisinzie anajitia hatarini.

Kinachoniumiza zaidi ni dripu. Kwetu mtu akiharisha, akiishiwa nguvu au akishukiwa kuwa na malaria, hutundikiwa chupa ya maji ya nusu lita, na ndugu zake huona hiyo ndiyo tiba hasa. Kwa mwanamichezo, kuwekewa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, iwe wakati wa mashindano au nje yake, hata kama ni maji ya chumvi matupu, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitalini, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Mgonjwa atibiwe, uhai ni kwanza. Lakini mwambie daktari tangu mwanzo kwamba wewe ni mwanamichezo unayepimwa, uliza kama maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yatatosha, na uondoke na karatasi inayoonyesha ugonjwa, jina la dawa, kiasi na njia iliyotumika. Ikiwa dawa yenyewe imekatazwa, ombi la ruhusa ya matibabu lipelekwe bila kuchelewa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikutwa na salbutamoli ya pumu kupita kikomo kwenye Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mwaka 2017, na jina lake lilisafishwa Julai 2018 tu, ingawa alikuwa na timu tajiri na mawakili.

Siku ya kupimwa, msindikizaji aliyetumwa na wapimaji atakufuata tangu ukimaliza mbio. Usimpotee hata kidogo. Chagua mwenyewe kifaa cha kuwekea mkojo, kagua mihuri, linganisha namba za chupa A na B, ambamo mkojo wako utagawanywa, na zile za kwenye sanduku. Mkojo usipungue mililita 90, na ukinywa maji kupita kiasi utakuwa mwepesi mno na utaambiwa utoe mwingine. Afisa wa jinsia yako atakutazama waziwazi ukikojoa. Jambo hili huwashtua mno wasichana wetu, ndiyo maana nawaeleza mapema, tena mbele ya mama zao, na aliye chini ya miaka 18 namkumbusha kwamba ana haki ya kuwa na mtu wake humo ndani.

Kwenye fomu andika dawa na virutubisho vyote vya siku saba zilizopita. Hapo ndipo zile picha za pakiti zinapokuwa na faida. Kama kuna jambo hukuridhika nalo, liandike kabla ya kutia sahihi. Kisha chukua nakala yako na uihifadhi, kwa kuwa sampuli yako inaweza kupimwa upya hadi miaka 10 baadaye.