Kadi mbili za kukagua kabla ya kuingia wodini

Nikiwa mwaka wa tatu wa udaktari, usiku mmoja katika wodi ya wazazi ya hospitali ambayo sitaitaja, nilijichoma na sindano ya kushonea iliyokuwa imetoka kwa mgonjwa punde tu. Wakati huo nilikuwa nimepata dozi moja ya chanjo ya homa ya ini B, nyingine nikiziahirisha kwa kisingizio cha mitihani. Na nilipofika dirisha la mapokezi, karani aliingiza namba yangu akanijibu kwamba kadi yangu ya bima haisomi. Kumbe bima niliyoitegemea ilikuwa ya mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, nami nilikuwa nimevuka umri wa utegemezi bila mtu yeyote nyumbani kukumbuka.

Dawa za kinga dhidi ya VVU nilizipata usiku uleule bila malipo, nikazimeza kwa siku 28. Hizo zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Kilichoninyima usingizi ni homa ya ini B, kwa sababu kwa mtu asiye na kinga, sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo kwa wingi inaweza kuambukiza watu hadi 30 kati ya 100, ilhali kwa VVU ni takribani 3 kati ya 1,000.

Mimi nilizaliwa mwaka 1999, nayo chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002. Ninyi mliozaliwa baada ya hapo huenda mliipata utotoni, lakini tafuteni kadi ya kliniki muone kwa macho, msiridhike na kumbukumbu ya bibi. Ambaye hakuchanjwa ahesabu kalenda kwa kurudi nyuma: dozi ya pili hutolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza, kwa hiyo anayetarajia kugusa wagonjwa Oktoba asisubiri Septemba. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, omba kipimo cha kingamwili. Kikifika uniti 10 za kimataifa kwa lita, una kinga. Wachache hawafiki, na hao hurudia dozi. Hatua hii wengi wetu huiruka, ingawa ndiyo pekee inayothibitisha kwamba chanjo imefanya kazi.

Kabla ya dozi ya kwanza, pima kama tayari una virusi. Najua wenzangu waliokwepa chanjo kwa sababu ya kuogopa kipimo hicho tu, wakidhani majibu mabaya yangewafukuza chuoni. Mwenye virusi hufuatiliwa kliniki na hupewa dawa anapozihitaji. Kutojua hakumwondolei ugonjwa.

Wanaotarajia kwenda Marekani kwa mafunzo ya muda mfupi wana kazi ya ziada, maana vyuo vya huko kwa kawaida hudai uthibitisho wa kinga dhidi ya surua, rubela, matumbwitumbwi na tetekuwanga. Chanjo ya pamoja ya surua na rubela ipo katika ratiba yetu tangu 2014, lakini matumbwitumbwi na tetekuwanga hazimo. Aidha, huko utapimwa kifua kikuu, na kwa kuwa tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tulipozaliwa, kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Uliza mapema kama watakubali kipimo cha damu.

Kuhusu bima, ushauri wangu ni mfupi: hakikisha kadi yako inasoma kabla hujaihitaji. Nilipokuwa chuoni, mwanafunzi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na aliyekuwa chini ya mzazi aliruhusiwa kuwasilisha nakala ya kadi badala ya kulipa. Nakala ile haisemi kama kadi bado hai, wala risiti ya malipo haisemi kama jina lako limekwisha kuingizwa kwenye mfumo.

Vipimo vyangu vya miezi 6 vilitoka salama. Mwaka wa nne ulipoanza nilikwenda kwenye dirisha lile mchana kweupe, nikiwa mzima kabisa, nikamwomba karani ajaribu kadi yangu mpya. Alinitazama kwa mshangao, akaingiza namba. Ilisoma.