Kabla hujamnunulia mzee vidonge vya bakteria, soma ya mama yangu

Mkuu, umeuliza kama kweli bakteria wa tumboni wanachangia mtu kuzeeka, na kama umnunulie mzee wako vile vidonge. Vidonge viache kwanza.

Mama ana miaka 76. Baada ya msiba wa baba nilimtoa kijijini Kibosho, Kilimanjaro, nikamleta kwangu Dar. Nikadhani namtunza: asubuhi mkate mweupe, mchana wali, usiku ugali wa sembe, soda haikosi. Akikohoa kidogo tu, nakimbilia duka la dawa kununua antibayotiki. Mwaka haujaisha, choo anakaa siku nne hajapata, na chupa ya maji hawezi kuifungua mpaka aniite. Tukasema ndiyo uzee huo.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Ireland wa 2012, wa wazee 178. Waliokaa kwenye nyumba za kutunzia wazee walikuwa na aina chache za bakteria kuliko waliobaki makwao, na ndio waliokuwa dhaifu zaidi. Chakula chao kilikuwa tofauti. Nikajiona kabisa: nyumba ya wazee ndiyo hii yangu!

Iko hivi: nyuzinyuzi za kwenye mboga na nafaka, tusizoweza kumeng'enya sisi, bakteria wanazila na kutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo. Wakikosa, ukuta unadhoofika, mabaki yao yanapenya kwenye damu, na kinga ya mwili inabaki imechokozwa chinichini muda wote. Hali hiyo ndiyo inayoandamana na maradhi mengi ya uzeeni.

Na si mambo ya Ulaya tu. Utafiti wa Kilimanjaro uliotoka 2025 ulichukua wanaume 77. Wa kijijini waliohamishiwa chakula cha kizungu wiki mbili, dalili za uchokozi huo zilipanda kwenye damu. Waliokunywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, wiki moja, zilishuka. Walikuwa vijana, sawa, si bibi wa miaka 76.

Nikamrudishia chakula cha kwao: kiburu (ndizi na maharage), mboga ya mnafu, uji wa ulezi na mtindi. Anza taratibu mkuu, wiki ya kwanza tumbo lake lilijaa gesi nikatukanwa. Antibayotiki sasa mpaka daktari aandike. Mwezi wa tatu choo kikakaa sawa. Chupa anafungua mwenyewe, ingawa pia ameanza kutembea kila asubuhi, kwa hiyo siwapi bakteria sifa zote.

Mbege nilimletea ya hapa mjini. Alionja funda moja, akairudisha: "Hii si mbege. Nikatie tiketi."