Funguo za mfumo ziko mfukoni mwa kijana

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni meneja wa chama cha akiba na mikopo huku Moshi Vijijini, wanachama wetu wengi ni wakulima wa kahawa na ndizi. Mfumo wa mikopo anaujua kijana mmoja tu, na nywila kuu anayo yeye. Sasa amepata kazi Dar, anaondoka mwisho wa mwezi. Anasema tusihofu, atatusaidia kwa simu. Nimelifikisha kwenye bodi, mwenyekiti akanijibu: "Meneja, hayo ya kompyuta malizaneni hukohuko." Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Kijana hana kosa. Naanza na hilo kwa sababu najua kikao kijacho ndiye atakayesemwa.

Wa kulaumiwa ni mwenyekiti. Angethubutu kujibu hivyo kama swali lingekuwa la funguo za sefu? Sefu lenyewe, nina hakika, halina hata robo ya fedha zilizoandikwa kwenye huo mfumo. Mwaka 2008 ulitoka mwongozo wa kimataifa wa kusimamia mifumo ya kompyuta katika taasisi, ISO/IEC 38500, na walengwa wake ni wajumbe wa bodi, si mafundi. Ulipotoka uliwapa kazi tatu: kutathmini, kuelekeza na kufuatilia. Haumdai mwenyekiti ajue kutengeneza seva. Aulize tu: mfumo unatufaa? Nani anaruhusiwa kuingia, na nani kamruhusu? Akikosea tutajuaje? Mzee aliyewahi kusimama kando ya mizani siku ya kupima kahawa hashindwi na maswali hayo.

Mkumbushe pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba za NIDA na madeni ya wanachama yakivuja, chama ndicho kitakachoulizwa. "Alikuwa nazo kijana" haitakuwa jibu.

Sasa huyo kijana. Asikuachie nywila kwenye kikaratasi. Aibadilishe mbele yenu, iandikwe, itiwe kwenye bahasha, mwenyekiti na mhasibu wasaini pale penye gundi, kisha iingie kwenye sefu. Atakayeifungua aandike tarehe na sababu kwenye daftari. Akaunti yake binafsi ifungwe jioni ya siku yake ya mwisho, hata kama mmemfanyia sherehe. Mkihitaji msaada wake baadaye, mfungulieni kwa saa hizo tu, kwa maandishi, halafu mfunge.

Kwenye nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu za mfumo, nitakaa kidogo, maana paliniumiza. Nilipokuwa fundi katika ofisi moja hapa mjini, kila Ijumaa jioni nilichomeka flashi, nikangoja kitaa kiache kumetameta, nikairudisha kwenye droo na kwenda zangu nyumbani. Nilijiona mtu makini sana. Masika moja umeme ukakatika, uliporudi ukaja kwa kishindo, diski ikafa. Nikaitoa flashi kwa mbwembwe mbele ya bosi. Mafaili yalikuwepo, Ijumaa zote kwa mpangilio, na kila moja lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Miezi yote ile hakuna aliyeniambia nifungue hata moja nitazame ndani, nami sikujiuliza. Makarani watatu waliingiza stakabadhi upya wiki nzima, mimi nikiwachemshia chai.

Kwa hiyo kabla kijana hajapanda basi, arudishe nakala ya Ijumaa iliyopita kwenye kompyuta nyingine kabisa, ukiwa umekaa pembeni yake. Chagua wewe wanachama watano, si yeye. Linganisha salio la kila mmoja na kitabu chake. Shilingi zikitofautiana, hamna nakala, mna flashi tu. Zoezi hilo Kamati ya Usimamizi ilirudie kila robo mwaka na iandike ilichokuta.

Kuna moja hukuniuliza. Ile laini ya simu mnayopokelea marejesho ya mikopo imesajiliwa kwa jina la nani? Nimeshakuta vyama ambako jina ni la fundi, kwa kuwa siku ile ndiye aliyetumwa mjini. Usajili unataka namba ya NIDA na alama za vidole, na vidole vyake vinaondoka naye. Hiyo ishughulikie Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kununua bahasha.