Mumeo si mkaidi, huenda ana sonona

Pole sana, dada. Unasema mumeo, mwaka wa sita sasa na kisukari, ameacha kupima, mashine imelala kabatini, chakula anakigusagusa tu, na ukimuuliza anajibu "nimechoka". Tafadhali usimwite mkaidi. Hatari ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa mwenye kisukari ni mara 2 hadi 3 ya ile ya asiye nacho, na kujitoboa kidole kila siku, bila hata siku moja ya mapumziko, kunachosha roho kweli.

Kwanza mpimeni sukari. Ikipanda au kushuka sana nayo huleta uchovu na hasira. Hali hii ikiwa imefika wiki 2, nenda naye kliniki, na mtaje huzuni yenyewe waziwazi, maana mara nyingi mazungumzo huishia kwenye namba za mashine. Sonona inatibika, kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Baadhi ya dawa zake hugusa sukari, kwa hiyo daktari ajue kila anachomeza.

Nyumbani, badala ya "umepima?", keti kando yake umshikie ile mashine. Akitamka habari za kufa, insulini yake (dawa ya sindano ya kushusha sukari), kama anaitumia, itunze wewe, umpe dozi yake tu, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.