Programu inayofunguka na toleo la zamani

Wiki nzima karani wa Tukuyu alikuwa ananipigia: “Kaka, sehemu ya makato ya mbolea huku kwangu haipo.” Mimi hapa Mbeya mjini naiona. Programu ni ile ile ya kupimia majani ya chai, inazinduliwa kwa Java Web Start, chombo kinachopakua programu ya Java kutoka seva na kuifungua; seva yetu ni moja. Nikamwambia azime kompyuta, awashe. Wapi! Karatasi ya mkulima ikitoka bila makato, mwisho wa mwezi anayegombezwa ni yeye, basi nikapanda kosta.

Nikaketi nyuma yake nimtazame. Mvua inanyesha, intaneti ni ya simu, imeegeshwa dirishani ishike mtandao. Akafungua programu, ikaja ya zamani. Papo hapo akazima data, kifurushi kisiishe, mpaka jioni ya kutuma hesabu. Nikamwomba aiwashe tena, tukafungua upya, tukangoja dakika kadhaa, tukafunga. Tulipofungua tena, makato yakaonekana.

Sababu ni hii. Usipoandika chochote kuhusu kusasisha kwenye faili la JNLP, yaani faili la maagizo ya kuzindua programu, Java Web Start huuliza seva kama kuna kipya, lakini husubiri milisekunde 1500 tu. Jibu likichelewa, inafungua toleo lililohifadhiwa kwenye kompyuta na kupakua jipya chinichini. Kwa mtandao wa milimani, sekunde moja na nusu haitoshi, na yeye alikuwa anaukata upakuaji kila asubuhi.

Kwenye faili hilo andika hivi:

<update check="always" policy="always"/>

Sasa itasubiri mpaka ipate jibu. Waambie watumiaji mapema kwamba itachelewa kufunguka, wasidhani imekwama. Ongeza <offline-allowed/>, la sivyo siku mtandao haupo kabisa hawatafanya kazi. Hakikisha pia JNLP ina href, yaani anwani, inayoelekeza kwake yenyewe, ili nayo isasishwe. Kompyuta iliyokwisha kukwama kwenye toleo la zamani, endesha humo amri ya javaws -uninstall mara moja, ukijua inafuta programu zote za Java Web Start zilizohifadhiwa humo.

Java Web Start iliondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018. Sisi bado tuko Java 8, na wengine wamehamia OpenWebStart, chombo mbadala.

Na tafadhali, hurumia vifurushi vya watu. Tenga jar (mafaili yanayobeba msimbo wa Java) za maktaba na jar ya msimbo wako, kwa kuwa hupakuliwa ile iliyobadilika tu. Mimi nilikuwa nasaini zote upya (saini ya kidijitali) kila toleo, tarehe za mafaili zinabadilika, zote zinaonekana mpya, karani anapakua mzigo mzima kwa kosa la herufi moja. Siku hizi nasaini na kupandisha ile niliyoigusa.